Je, Mzazi Aweza Kumsahau Mtoto Wake Garini?



Kila kiangazi habari ile ile hurudi kwenye taarifa za hapa Marekani: mtoto amekutwa amekufa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na kila inaporudi, Jumapili ile baada ya ibada, tukiwa tumesimama na sahani mkononi, hukumu hutolewa kabla chai haijapoa. "Huyo si mzazi." "Mama gani anasahau mtoto?" "Hawa wenzetu hapa wanakumbuka mbwa kuliko watoto." Kisha tunaendelea na mazungumzo mengine.

Tunataka kulichukua lile swali la katikati kama swali kweli, siyo kama tusi. Mama gani anasahau mtoto? Nabii Isaya aliuliza karibu hivyo hivyo, katika sura ya 49, alipowaambia watu waliojiona wametupwa na Mungu. Wengi wetu tunakumbuka swali lake na tunadhani jibu ni hapana, haiwezekani mwanamke kumsahau anayemnyonyesha. Lakini tukisoma mstari mpaka mwisho, nabii anakubali kwamba inawezekana. Anasema hao waweza kusahau. Asiyesahau ni Mungu peke yake. Hoja yake yote inasimama juu ya ukweli huo mchungu, kwamba hata upendo wa mama, ulio mkubwa kuliko wote tunaoujua duniani, hauna uwezo wa kulinda kumbukumbu yake.

Tuangalie yaliyotokea hapa hapa kwetu.

Tarehe 8 Julai 2008, huko Herndon, Virginia, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles ambao wengi wetu tulishukia tulipofika nchi hii, baba mmoja alifika kazini asubuhi akaegesha gari na kuingia ofisini. Nyuma ya gari alikuwamo mwanawe wa miezi 21. Alipaswa kumpitisha kwenye kituo cha kulelea watoto. Hakumpitisha. Mtoto alikaa humo karibu saa tisa. Baba huyu na mkewe walikuwa wamemchukua mtoto yule kutoka Urusi miezi mitatu tu iliyotangulia, baada ya kuhangaika kwa muda mrefu wapate mtoto. Hakuna anayeweza kusema kwamba mtoto yule hakutakiwa. Alishtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, na Desemba mwaka huo huo jaji wa Fairfax akamwona hana hatia. Urusi haikukubali. Ilipofika Desemba 2012 nchi ile ilipitisha sheria ya kuwakataza Wamarekani kuasili watoto wa Kirusi, na sheria yenyewe ikaitwa kwa jina alilozaliwa nalo mtoto yule. Watoto wengi wa vituo vya yatima ambao hawakuwahi kumwona mtu wa Herndon wakafungiwa mlango.

Miaka sita kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2002, kule Manassas, mwendo mfupi tu kutoka Herndon, baba wa watoto 13 alirudi nyumbani na gari kubwa la familia. Mama alikuwa safarini ng'ambo. Watoto wakashuka, kila mmoja na shughuli zake, na baba akaamini kwamba wale wakubwa wamemshusha mdogo wao wa mwisho. Wakubwa nao hawakujua kama kazi hiyo ni yao. Binti yule, naye wa miezi 21, alikaa garini karibu saa saba. Huyu baba alipatikana na hatia ya kosa lile lile la kuua bila kukusudia. Adhabu yake ilikuwa kulala jela siku moja kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya binti yake, kwa miaka saba.

Wilaya mbili zinazopakana, kosa la jina moja, baba wawili ambao hakuna aliyewashuku kuwachukia watoto wao. Mmoja akaachiliwa, mwingine akatiwa hatiani. Hatutaji majina yao kwa sababu wanajulikana vya kutosha na wameteseka vya kutosha. Tunataja tu kwamba sheria ya nchi yenyewe haikuwa na uhakika iwafanyeje. Gazeti la Washington Post lilitoa makala ndefu juu ya wazazi wa namna hii Machi 2009, na mwandishi wake, Gene Weingarten, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ukisoma makala ile unaona kitu kinachotisha kuliko uovu. Waliosahau walikuwa mhasibu, mchungaji, askari, muuguzi, mwalimu, daktari wa watoto. Maskini na tajiri. Mama na baba.

Kisa cha Manassas, kwa mtu aliyelelewa na Biblia, si kigeni. Luka anasimulia katika sura ya pili jinsi Yusufu na Mariamu walivyotoka Yerusalemu baada ya Pasaka, wakasafiri mwendo wa siku nzima, kila mmoja akidhani kijana yuko na ndugu na jamaa katika msafara. Hawakuwa wazembe. Walikuwa na watu wengi, na watu wengi ndio waliowafanya wasihesabu. Sisi tunajisifu kwamba mtoto wetu ni wa wote, na ni sifa ya kweli. Lakini mtoto wa wote, gari la watu wanane likifika nyumbani, anaweza kuwa mtoto ambaye hakuna aliyeulizwa juu yake. Shangazi anadhani yuko na baba, baba anadhani yuko na dada yake. Mtoto mwenyewe amelala, hasemi kitu.

Sasa tuseme kidogo juu ya joto lenyewe, maana wengi tumetoka kwenye joto na tunadhani tunalijua. Mtu wa Mombasa au wa Bujumbura akisikia nyuzi 80 za Farenhaiti, yaani kama 27 za Selsiasi, anacheka. Hiyo kwake ni siku nzuri. Gari lililofungwa halijali ametoka wapi. Vioo huingiza mwanga wa jua na kuzuia joto lisitoke. Siku hiyo nzuri ya nyuzi 80, baada ya dakika 10 ndani ya gari pana nyuzi 99, baada ya nusu saa 114, na ikifika saa nzima ni 123, ambazo ni 51 za Selsiasi. Kushusha kioo kidogo hakubadilishi mambo kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Na mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo usijipime kwa jasho lako mwenyewe. Joto la mwili wake likifika nyuzi 104 ubongo na viungo huanza kushindwa. Likifika 107 anaweza kufa. Wala si jambo la Julai na Agosti peke yake. Mwezi Machi 2007, mjini Charlottesville, Virginia, mtoto wa miezi tisa alikufa garini siku ambayo nje hapakufika hata nyuzi 70. Mama yake, aliyekuwa askari wa akiba na alikuwa hajalala vizuri, alidhani amekwisha kumfikisha kwa mlezi. Mahakama ilimwachilia Januari iliyofuata.

Nchi nzima hupoteza kwa wastani watoto kama 37 kila mwaka kwa njia hii. Mwaka 2018 na 2019 walizidi 50 kila mwaka. Tangu hesabu ianze kuwekwa mwaka 1998 wamefikia takriban 1,000. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa. Kama robo waliingia wenyewe ndani ya gari lililokuwa wazi wakashindwa kutoka. Waliobaki waliachwa na mtu aliyejua kabisa kwamba anawaacha.

Shika hesabu hiyo ya mwisho, tutairudia.

Kwa nini mtu husahau? David Diamond, profesa wa Chuo Kikuu cha South Florida, ameifanyia kazi habari hii kwa miaka mingi, na maelezo yake yanaeleweka hata kwa sisi tusio wataalamu. Ubongo una sehemu inayoendesha mazoea, ile inayokufikisha nyumbani huku unawaza mambo mengine, ukaja kushtuka uko mlangoni na hukumbuki ulipita taa ipi. Na una sehemu nyingine inayoshika mpango mpya: leo nipite kwa mlezi kwanza. Ukiwa umechoka, hukulala, una mawazo, au ratiba ya siku imebadilika, ile ya mazoea huishinda hii ya mpango. Inakupeleka kazini kama kila siku. Na ubaya zaidi, inakupa picha ya uongo kwamba mtoto umekwisha kumfikisha, kwa hiyo mchana kutwa huna wasiwasi wowote. Profesa huyo anasema waziwazi kwamba anayeweza kusahau simu yake anaweza pia kusahau mtoto, kwa sababu sehemu hiyo ya ubongo haipimi kilichosahauliwa kina thamani gani.

Basi tutazame maisha yetu. Nani katika eneo hili anafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anatoka saa moja asubuhi, anampokea mtoto kwa mwenzake anayekwenda kazini, kisha anaendesha gari kwenye barabara ya 495 macho yakiuma? Nani ana kazi mbili? Nani hubadilishiwa ratiba na msimamizi kwa ujumbe wa simu wa usiku? Sababu zote alizozitaja profesa ni maelezo ya wiki ya kawaida ya familia ya mhamiaji. Tunayo yote: uchovu, haraka, mabadiliko, na kutokuwa na bibi wa kubaki na mtoto nyumbani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hatulisikii likisemwa. Kwetu mtoto mchanga anabebwa mgongoni, kwa kanga au kitenge. Mgongo hausahau. Uzito uko pale, pumzi iko pale, akigeuka unajua, akilowa unajua. Hapa sheria inatutaka tumfunge kwenye kiti chake, nyuma, uso ukiangalia nyuma ya gari. Ni sheria nzuri na tuitii. Miaka ya 1990 mifuko ya hewa ya viti vya mbele ilikuwa ikiwaua watoto kwenye ajali, ndipo wakahamishiwa nyuma, na kwa ajali za barabarani hiyo imeokoa maisha mengi. Lakini kiti hicho ukikitazama kwa mbele kinaonekana vilevile, kikiwa na mtoto au kikiwa kitupu. Mtoto ametoka mgongoni kwako akaenda mahali ambapo huoni, husikii wala hugusi, na kumbukumbu imeachwa peke yake kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mwili mzima. Anayesema "kule kwetu haya hayatokei" asidhani ni kwa sababu kule kwetu tunapenda zaidi.

Je, aliyesahau ana hatia?

Torati ina mifano miwili ambayo tukiiweka pamoja inatusaidia kuliko makelele ya mitandao. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19 pana mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata kuni. Anainua shoka, kichwa cha shoka kinachomoka kwenye mpini, kinampiga jirani, naye anafa. Sheria haisemi kwamba hakuna kilichotokea. Mtu amekufa. Lakini haimwiti muuaji, kwa kuwa hakumchukia jirani yake tangu zamani. Anakimbilia mji wa makimbilio, na hapo hakuna ruhusa ya kumgusa. Mfano wa pili uko Kutoka sura ya 21. Ng'ombe ampiga mtu kwa pembe mtu akafa. Ikiwa ni mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alikwisha kuonywa, wala hakumfunga, basi damu ni juu yake.

Kilichotofautisha watu hawa wawili si ukubwa wa msiba, maana katika yote mawili mtu amekufa, wala si upendo. Ni kwamba mmoja alijua na mwenzake hakujua.

Hapa ndipo tunapoona kwamba hukumu zetu za baada ya ibada zimegeuka juu chini. Kwa mzazi aliyesahau, ambaye hakuchagua lolote, tuna maneno makali kuliko yote. Na kwa mzazi aliyemwacha mtoto garini akijua, kwa sababu ni dakika moja tu, hatuna neno. Anaingia dukani kuchukua maziwa, anaingia kutuma pesa nyumbani, anaingia kanisani kuweka sufuria ya wali jikoni, mtoto amelala, mwache alale. Tunampita pale kwenye maegesho na kumsalimu. Anarudi, mtoto yuko salama, na hakuna aliyeona kosa. Lakini foleni ya kutuma pesa ni dakika moja lini? Na jikoni kanisani, nani aliwahi kuingia akatoka bila kushikwa mkono na mama mmoja mwenye habari ya kumpa?

Wanafalsafa wawili wa Kiingereza na Kimarekani, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika mwaka 1976 juu ya kitu walichokiita bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva wa lori asiyekagua breki zake. Madereva wawili wasiokagua breki wamefanya kosa lile lile. Mmoja anakatiziwa na mtoto barabarani, mwingine hakatiziwi na mtu. Wa kwanza tunamwita muuaji, wa pili tunamwita dereva. Wazazi wawili wanaoacha watoto garini "dakika moja" wamefanya jambo moja. Mmoja alikuta foleni fupi. Tukimsifu huyo kwa kuwa mtoto wake yu hai, tunaisifu foleni.

Tunadhani ukali wetu kwa waliosahau una sababu nyingine iliyojificha. Tukisema yule mzazi ni mnyama, basi sisi ambao si wanyama tuko salama, na hatuhitaji kufanya lolote. Hukumu inakuwa kinga ya bei rahisi. Ni kama kijiji kinachosema simba hula wachawi tu. Watu wake watalala milango wazi.

Kwa sheria ya Maryland, mtoto wa chini ya miaka 8 haruhusiwi kuachwa amefungiwa ndani ya gari, au ndani ya nyumba, mahali ambapo anayemtunza hamwoni, isipokuwa awe na mtu wa kutegemewa wa miaka 13 au zaidi. Adhabu inaweza kuwa faini ya hadi dola 500 au kifungo cha hadi siku 30, na hapo hakuna aliyekufa wala kuumia. Kwa hiyo kumwachia dada wa miaka tisa amwangalie mdogo wake garini, jambo ambalo kwetu ni la kawaida kabisa, hapa ni kosa. Tena kwa asiye raia, sheria ya uhamiaji ya nchi hii inayataja makosa ya kumdhulumu, kutomtunza au kumtelekeza mtoto kuwa miongoni mwa yale yanayoweza kumfanya mtu aondolewe nchini. Tunalisema hili ili lijulikane. Hatulisemi kuwa ndiyo sababu. Anayemtoa mtoto garini kwa kuogopa polisi atamwacha siku polisi hawapo.

Na hofu hiyo ina madhara yake. Ukipita kwenye maegesho ukamwona mtoto peke yake garini, na unalijua gari ni la nani, unafanya nini? Tumesikia watu wazima, wacha Mungu, wakisema hawawezi kupiga 911 kwa ndugu yao, maana karatasi zake bado, watamletea matatizo. Hii ni hoja nzito, hatuidharau. Kila mmoja anajua familia iliyotikiswa kwa simu moja tu. Lakini tuipime. Matatizo ya karatasi yana wakili, yana rufaa, yana miaka ya kusubiri na kuomba. Yale mengine yana dakika. Tafuta mwenye gari ikiwa yuko hatua chache, tuma mtu apaze sauti ndani ya kanisa, lakini wewe usiondoke kwenye gari, na simu ipigwe. Mtoto akiwa amelegea, hajibu, ngozi imewaka moto, mtoeni kwa njia yoyote, mwekeni kivulini au penye kiyoyozi, mpozeni kwa maji ya kawaida yaliyo baridi kiasi. Mama yake akikasirika, na akasirike. Atakuwa anakasirika akiwa amempakata.

Turudi kwenye shoka. Mtu wa Torati alipata makimbilio kwa sababu hakujua kichwa cha shoka kimelegea. Lakini sisi tumekwisha kuambiwa. Tumeyasikia ya Herndon, ya Manassas na ya Charlottesville, tunajua ubongo uliochoka hufanya nini. Mpini wetu umelegea na tunajua umelegea. Anayejua hivyo na kuendelea kukata kuni, akisema mimi siwezi kusahau kwa kuwa nampenda mwanangu, anatoka taratibu upande wa shoka na kuingia upande wa yule mwenye ng'ombe. Kusahau hakuchaguliwi. Lakini jana usiku, ukiwa macho, unaweza kuchagua kesho asubuhi iweje.

Torati hiyo hiyo, sura ya 22, ina agizo dogo juu ya nyumba: ukijenga nyumba mpya weka ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka ukaileta damu nyumbani kwako. Nyumba za huko zilikuwa na paa la kukalia. Tunalipenda agizo hili kwa sababu halimwambii mwenye nyumba awe mwangalifu. Linamwambia ajenge. Uangalifu unachoka, ukuta hauchoki.

Basi ukuta wa gari ni upi? Weka nyuma, karibu na miguu ya mtoto, kitu ambacho huwezi kuanza kazi bila hicho: mkoba, kitambulisho cha kazini, hata kiatu kimoja cha kushoto. Kiatu kinachekesha, lakini hakuna aliyeingia kazini na kiatu kimoja. Patana na mlezi kwamba mtoto asipofika kwa saa iliyozoeleka apige simu, kwako na kwa mwenzio, mpaka apokelewe. Ujumbe wa maandishi hautoshi. Funga gari kila wakati hata likiwa mlangoni pako, na funguo zisikae mahali ambapo watoto wanafikia, kwa ajili ya ile robo wanaoingia wenyewe kucheza kibuti. Mtoto akipotea, kwanza angalia maji kama kuna bwawa karibu, kisha magari yote, na buti zake. Sheria kubwa ya miundombinu iliyotiwa saini Novemba 2021 iliagiza magari mapya yawe na king'ora cha kukumbusha juu ya kiti cha nyuma, lakini wengi wetu tunaendesha magari yaliyotengenezwa zamani, na hayo hayatatukumbusha kitu.

Na gari kubwa la familia, au lile linalowachukua watu kuja ibadani: mtu mmoja atajwe kwa jina, kabla ya safari, awe wa mwisho kushuka na kupitia viti vyote kwa mkono. Asitajwe "wakubwa". Atajwe mtu. Sisi tunaokodi majengo ya makanisa ya wenyeji na kuabudu mchana baada yao, tunaegesha jua likiwa limeiva, na ibada zetu tunazijua zilivyo ndefu. Mashemasi wa mlangoni wanaweza kutembea kwenye maegesho mara moja wakati wa sifa na mara moja wakati wa mahubiri, na kuangalia viti vya nyuma. Watakosa wimbo mmoja.

Kuna upande mmoja uliobaki, nao ni mgumu. Ikitokea kwetu, je? Mtu wa shoka hakurudi nyumbani kesho yake. Alikaa katika mji wa makimbilio mpaka kuhani mkuu afe; hakuwa na hatia, wala hakuwa huru. Williams anasema jambo lililo karibu na hilo: dereva aliyemgonga mtoto bila kosa lolote atajisikia vibaya kwa namna ambayo mtazamaji hawezi, na tungeshangaa tukimwona amesahau haraka. Kwa hiyo tusikimbilie kumwambia mzazi wa namna hiyo kwamba si kosa lake. Hatatuamini, na labda hapaswi kuamini yote. Wala asiambiwe ni mapenzi ya Mungu.

Matanga yetu yanajua kufanya mengi, lakini haya ni matanga ambayo mfiwa ndiye anayetazamwa kwa jicho la pembeni, na watu wake wa nyumbani wanaweza kuwa wamegawanyika, familia ya mume upande huu, ya mke upande ule. Nyumba hiyo isiachwe. Wazee wawili watatu wakae pale usiku, wasihubiri. Awepo mtu wa kushika simu ya nyumbani ili jamaa wa Goma au Kisumu wasipate habari kwanza kwenye mtandao. Atafutwe wakili kabla ya mzazi kuongea na yeyote mwenye cheo. Na gari likirudishwa na polisi, mtu mwingine aende kulichukua, akitoe kile kiti cha nyuma, akihifadhi kwake bila kukitupa, mpaka atakapoulizwa.